Mama Fumbo na Ukumbi wa Juu ya Duka la Magodoro

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mwenye kuosha vyombo aviache kwa muda, na mwenye kuzungumza na jirani ukutani amuage. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyejipatia riziki yake kwa kuua watu kila Jumamosi jioni, na katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyekufa.

Nalirudia, ili asitokee mtu wa kunielewa vibaya. Hakuna hata mmoja aliyekufa. Aliwaua kwa mchezo, mbele ya wageni waliokuwa mezani wakinywa supu, na kazi ya wageni hao ilikuwa kumtafuta muuaji. Watu walimwita Mama Fumbo. Ametutoka wiki iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake, kwa ugonjwa wa moyo. Ameacha binti mmoja, ameacha mama mkwe, na ameacha ukumbi uliopo juu ya duka la magodoro, ambao wengi wenu mmepanda ngazi zake mkicheka na kushuka mkibishana.

Jina la Mama Fumbo alilipata ukubwani. Kabla ya hapo alikuwa mhudumu katika ukumbi wa chakula wa hoteli, akapandishwa cheo akawa msimamizi wa wahudumu. Kazi yake ilikuwa kusimama karibu na mlango wa jikoni, mikono nyuma, akizitazama meza. Aliyekosa kijiko alimwona yeye kwanza. Aliyekosa chumvi alimwona yeye kwanza. Lakini kulikuwa na jambo lililomkera.

Binti yake, ambaye leo ni mkunga, amenisimulia hivi: "Mama alikuwa anarudi nyumbani, anavua viatu, anasema, 'Leo nimewahudumia watu wa ofisi moja. Wamekaa meza moja tangu supu mpaka chai, hakuna aliyemsemesha mwenzake. Wanakula kama abiria waliochelewa basi.'"

Siku moja, kwenye karamu kama hiyo, kisu cha kukatia keki kilipotea. Mkurugenzi amesimama, keki iko mbele yake, kisu hakionekani. Mtu mmoja akatania kwamba mhasibu ndiye aliyekichukua. Mhasibu akajitetea. Katibu akasema alimwona mhasibu akiinama chini ya meza. Mara ukumbi mzima ukachangamka. Watu waliokuwa wamenuna wakawa wanapekuana mifuko kwa vicheko, na mkurugenzi mwenyewe akatakiwa aoneshe mikono yake ya koti.

Kisu alikuwa nacho Mama Fumbo. Alikiona kwenye toroli la sahani, akakichukua ili akipeleke mezani, kisha akasita. Alisimama nyuma ya mlango wa jikoni, kisu mkononi, akisikiliza watu wakizungumza. Alipokirudisha walimpigia makofi. Haukupita muda mrefu akaandika barua ya kuacha kazi.

Mumewe alikuwa fundi wa friji, mtu mpole, mwenye maneno machache na kicheko cha chinichini. Mchezo wa kwanza ulifanyika sebuleni kwao, wageni wakiwa majirani. Mama Fumbo alitunga hadithi na kugawa nafasi. Mumewe alishindwa kukariri hata sentensi mbili. Mazungumzo yao ya siku ile binti anayakumbuka hadi leo.

"Mume wangu, wewe kichwa chako kimejaa friji tupu. Maneno hayakai."

"Basi nipe kazi isiyo na maneno."

"Iko moja tu. Utakufa."

"Nife kabla ya kula au baada ya kula?"

"Baada ya supu."

"Na nyama je?"

"Maiti hali nyama, baba."

"Basi niwekee jikoni. Nitaila nikifufuka."

Ndivyo alivyoanza kufa. Na wasikilizaji wapendwa, alikufa vizuri sana. Hakuigiza mikono wala miguu. Aliinuka kitini, akatazama kikombe chake kana kwamba kimemwambia jambo, akakaa tena taratibu, kisha akainamisha kichwa juu ya kitambaa cha meza. Wageni waliweka vijiko chini. Wapo waliowahi kulia.

Kwa nini walilia? Hapa ndipo ilipokuwa akili ya Mama Fumbo. Katika michezo ya namna hii, anayeuawa huwa mtu mbaya: tajiri mchoyo au bosi mkali, ambaye hakuna anayemsikitikia. Mama Fumbo alikataa. Yeye alitaka anayeuawa apendwe kwanza. Kwa hiyo, kabla ya supu, mumewe alipita meza kwa meza, akiwasaidia wazee kuketi, akiwauliza wageni habari za safari, akiwapa ushauri wa friji zao. "Mama, usiibane sana ukutani, nayo inataka kupumua." Ikifika saa ya kufa, alikuwa amekwisha kuwa rafiki wa kila meza. Mama Fumbo alikuwa akisema: "Watu hawamtafuti muuaji wa mtu wasiyemjali. Watamaliza chakula tu, waende zao."

Sebule ilipokuwa ndogo, walikodi ukumbi juu ya duka la magodoro. Ngazi zake ni za chuma na ziko nje ya jengo. Ukipanda unasikia harufu ya sponji mpya. Pazia walilishona kwa shuka zilizotiwa rangi nyeusi. Waigizaji walikuwa wachache: yeye mwenyewe akiwa mke, msusi akiwa dada wa mume, kinyozi akiwa mshirika wa biashara, na karani mstaafu wa mahakama akiwa inspekta. Mumewe, kama nilivyosema, alikuwa anayeuawa. Alikuwa anayeuawa katika kila hadithi.

Sasa sikilizeni taratibu za mchezo, kwa sababu bila kuzijua hamtaelewa yanayofuata.

Washukiwa walikuwa watatu: mke, dada na mshirika. Muuaji hakujulikana mapema, hata kwa Mama Fumbo mwenyewe. Kila hadithi aliitungia miisho mitatu. Kabla ya wageni kuingia, washukiwa wote watatu walikunywa chai nyuma ya pazia, katika vikombe vilivyofanana. Chini ya kitako cha kikombe kimoja palipakwa tone la rangi ya kucha. Mtu alimaliza chai yake yote, akageuza kikombe. Aliyelikuta tone ndiye muuaji wa jioni hiyo. Hapo karani alizipanga dalili mezani kulingana na muuaji aliyepatikana.

Wageni walikuwa na haki ya kuuliza. Mshukiwa asiye na hatia alipaswa kusema kweli au kunyamaza. Muuaji peke yake ndiye aliyeruhusiwa kusema uongo. Mwishoni kila meza ilisimama na kumtaja muuaji, na aliyetaja alilazimika kutoa sababu. Kutaja bila sababu Mama Fumbo hakukuruhusu hata kwa mzaha. Alikuwa akimkatiza mgeni, awe nani: "Huo ni umbea, ndugu yangu. Keti kwanza, ufikiri."

Siyo kwamba mambo hayakuharibika. Ipo Jumamosi ambayo mumewe alikuja ukumbini akiwa amechoka, baada ya kushinda kutwa ndani ya chumba cha baridi cha bucha moja. Alikufa vizuri kama kawaida. Wageni wakaanza kuhoji. Katikati ya ukimya, maiti ikakoroma. Ilikoroma kwa sauti iliyotikisa kijiko ndani ya kisahani. Msusi alijiziba uso kwa mtandio. Mama Fumbo alisogea, akamwinamia mumewe, akawageukia wageni kwa sura kavu kabisa: "Waheshimiwa, sumu haikutosha. Nani kati ya hawa watatu ni mchoyo kiasi cha kupunja hata sumu?" Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na mchezo ukaendelea hadi mwisho. Maiti iliamshwa wakati wa chai.

Kwa sababu ya kazi hii mumewe alipata jina. Mtaani walimwita Marehemu. "Marehemu, friji yangu imekata baridi." "Marehemu, shikamoo." Muuza sabuni alikuwa akiwashtua wateja wake kwa kusema: "Nipisheni, Marehemu amekuja kuchukua chenji yake." Mwenyewe alicheka. Mkewe alicheka.

Mtu mmoja hakucheka. Huyo alikuwa mama yake mzazi, mama mkwe wa Mama Fumbo. Alikuwa mshona sare za shule, mwanamke mwenye kauli fupi na mkasi mkali. Kumsikia mwanawe aliye hai akiitwa Marehemu kulimchoma. Alimwambia mkamwana wake waziwazi: "Mkwe wangu, kifo hakichezewi. Mtamwita mpaka aitike." Alialikwa ukumbini mara nyingi, akakataa. Hakuwahi kupanda ngazi zile hata hatua moja.

Kisha mume wa Mama Fumbo akaugua. Ni figo, wasikilizaji wapendwa. Aliugua kwa miezi kadhaa, akalala hospitalini, akarudishwa nyumbani. Mama yake alihamia kwao ili asaidiane na mkwe wake kumuuguza. Walipokezana kitini, kando ya kitanda. Madaktari walifanya walichoweza. Mwishowe alifariki dunia, mchana, dirisha likiwa wazi na redio ikiongea kwa sauti ndogo.

Siku ya msiba watu walijaa uani. Mama Fumbo alikuwa ameketi chini pamoja na wanawake wenzake. Mama mkwe alisimama mlangoni, akamnyooshea kidole mbele ya watu wote, akasema: "Umemuua kila Jumamosi, akaamka. Safari hii umemuua, hakuamka."

Binti anasema mama yake hakuinua hata uso. Na tangu siku hiyo, mtaani hakuna aliyethubutu kulitamka tena lile jina la utani. Kila mtu alisema "fundi": fundi alikuwa mtu mwema, fundi alinitengenezea friji.

Ukumbi ulifungwa. Msusi alimfuata Mama Fumbo nyumbani, akamkuta anapiga pasi shuka zilizokwisha kupigwa pasi.

"Shoga, tutarudi lini kazini?"

"Hatutarudi."

"Kwa sababu ya maneno ya msibani? Yule mama alikuwa na uchungu, bwana. Mtu mwenye uchungu anasema lolote."

"Alisema mbele ya watu. Na mimi mwenyewe sijui. Kila nikifumba macho namwona ameinama pale mezani, mimi nimesimama pembeni, watu wanacheka. Nikisema sikumkosea, nitamwambia nani aniamini? Anayetakiwa kuniamini ni mmoja tu."

Hilo ndilo lililokuwa rohoni mwake, na ninawaomba mlishike. Hakuwa akisubiri wageni. Hakuwa akisubiri sifa. Alikuwa akisubiri mama mkwe wake amwambie kwamba hakumuua mwanawe.

Mambo hayo hayaombwi kwa mdomo. Kwa hiyo kila Jumapili alikwenda kwa mama mkwe wake, aliyekuwa amerudi nyumbani kwake baada ya msiba. Alifagia, alifua, alitia uzi kwenye sindano za cherehani, kwa kuwa macho ya mama yule yalikuwa yameanza kupungua nguvu. Mama mkwe hakumfukuza. Ila hakumsemesha. Kila neno alilipitisha kwa mjukuu wake, hata kama wote watatu walikuwa chumba kimoja.

"Mwambie mama yako chai iko mezani."

"Mama, bibi anasema chai iko mezani."

"Mwambie bibi yako ahsante."

"Bibi, mama anasema ahsante. Jamani, mimi ni mtu au ni simu?"

Hali iliendelea hivyo mwaka mzima na zaidi. Mama Fumbo hakukosa Jumapili hata moja. Ndipo siku moja, mama mkwe akiwa anakunja sare zilizokamilika, akasema bila kuinua macho: "Mwambie mama yako nataka kuuona huo mchezo wake."

Binti aligeuka kumwambia mama yake, akamkuta amekwisha simama.

Kuufungua ukumbi hakukuwa rahisi. Vumbi lilikuwa limejaa, na pazia lilikuwa limeliwa na nondo. Lakini tatizo kubwa lilikuwa moja: nani atalala pale mezani? Kinyozi alikataa. Karani alisema umri haumruhusu kuinama kwa muda mrefu. Aliyejitolea ni mwenye duka la magodoro, mtu mnene, mcheshi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akisikia vicheko juu ya dari yake. Alisema: "Mama, mimi nauza magodoro. Kulala ndiyo taaluma yangu."

Walichagua hadithi ambayo wote bado waliikumbuka, ile ya mke, dada na mshirika. Wageni wa jioni hiyo walikuwa walimu wa shule moja, waliokuja kumuaga mwenzao aliyekuwa anastaafu. Mama mkwe aliwekwa meza ya mbele pamoja na mjukuu wake na mwalimu wa hesabu.

Nyuma ya pazia, washukiwa watatu walikunywa chai yao. Msusi aligeuza kikombe: hapana tone. Kinyozi aligeuza kikombe: hapana tone. Mama Fumbo hakuwa na haja ya kugeuza chake, lakini aligeuza. Tone lilikuwepo.

Karani aliniambia kwamba alikiziba kikombe kile kwa kiganja. "Nikamwambia, turudie. Nani atajua? Kinyozi achukue."

Kinyozi naye akadakia: "Nipe mimi, dada. Mimi wananishuku hata nikiwa sina hatia, kwa ajili ya wembe."

Mama Fumbo aliwatazama. Akasema: "Huyu mama amekuja kuuona mchezo wetu. Tukiubadilisha kwa ajili yake, atakuwa ameona nini?" Akamwamuru karani apange dalili za mke.

Mchezo ukaanza. Mwenye duka la magodoro alipita meza kwa meza, akiwauliza walimu wanalalaje. Alimsaidia mama mkwe kuketi vizuri. Baada ya supu akainuka, akakitazama kikombe, akaketi taratibu, akainamisha kichwa. Binti anasema bibi yake aliukamata ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alimtazama yule mtu mnene kwa muda mrefu, mabega yake yakipanda na kushuka kwa pumzi, mpaka mikono yake ikalegea yenyewe. Kisha akajivuta kitini, akasema: "Haya. Nani anaanza kuulizwa?"

Wasikilizaji wapendwa, yule mama alikuwa na maswali. Alimhoji msusi kuhusu mshono wa gauni lake. Alimwuliza kinyozi kwa nini mtu mwenye biashara nzuri ana kola chafu. Kinyozi alisahau kwamba anaigiza, akaanza kuifuta kola. Walimu walicheka mpaka wakaacha kula. Ilipofika zamu ya mke, mama mkwe alinyamaza. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyeuliza habari za kikombe, habari za unga mweupe kwenye kisahani, habari za ufunguo wa kabati. Mama Fumbo alijibu yote kama hadithi ilivyotaka. Alikuwa amekwisha geuka kuondoka, ndipo mama mkwe aliposema:

"Ngoja. Ulimpenda mumeo?"

Mama Fumbo alimgeukia. "Nilimpenda, Mama."

Na katika ukumbi ule mzima, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kusema uongo.

Wakati wa kutaja ulifika. Meza ya kwanza ilimtaja mke. Sababu, unga kwenye kisahani. Meza ya pili ilimtaja mke, sababu, ufunguo. Meza ya tatu nayo vivyo hivyo. Dalili zilikuwa wazi, karani alizipanga kwa uaminifu. Kisha meza ya mbele ikaitwa. Mwalimu wa hesabu alianza kuinuka, tayari na majibu yake. Mama mkwe alimshika koti, akamketisha, akasimama yeye.

"Huyu mwanamke hakumuua mumewe," alisema.

Mwalimu wa hesabu akanong'ona kwa nguvu: "Mama, lakini sumu imekutwa kwenye kisahani chake!"

"Kaa chini, kijana. Kisahani kinajua nini?"

Watu wakacheka. Karani, kwa sauti ya kiinspekta, akauliza kama taratibu zinavyotaka: "Sababu yako ni ipi, Mama?"

Mama mkwe hakumtazama karani. Alisema: "Nilikuwa pale nyumbani. Nilimwona akimgeuza ubavu huu na ubavu huu, mtu mkubwa vile, peke yake. Nilimwona akimlisha kwa kijiko, na akitapika, anaanza upya. Kila asubuhi alifua shuka, akazianika, akarudi akamwambia, 'Leo kuna jua zuri, fundi wangu.' Mimi mama yake nilichoka, nikalala kitini. Yeye sikumwona amelala. Aliyeua hafanyi hivyo. Hiyo ndiyo sababu yangu."

Walimu hawakujua kama hayo yalikuwa sehemu ya mchezo. Msusi alijua. Kinyozi alijua. Mwenye duka la magodoro, ambaye alipaswa kuwa maiti, alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitambaa cha meza.

Karani alibaki na kadi ya jibu mkononi. Taratibu zilimtaka alisome jina. Alimtazama Mama Fumbo, na Mama Fumbo, machozi yakimtiririka, akamwashiria kwa kichwa: soma. Karani akasoma: "Muuaji ni mke."

Mama mkwe akasema: "Basi mchezo wenu umekosea."

Kisha akavuta kiti kilichokuwa wazi kando yake, akakipangusa kwa kiganja, akasema, bila kumpitia mjukuu: "Mkwe wangu, njoo ule. Umesimama tangu tumekuja."

Mama Fumbo aliendelea na kazi yake kwa miaka mingi baada ya jioni ile. Vikundi vilitoka miji mingine kuja kujifunza kwake. Kampuni zilimwalika, vyuo vilimwalika, na mara moja alialikwa kwenye harusi, ambako bwana arusi alitajwa kuwa muuaji na meza zote, ingawa hakuwa hata miongoni mwa washukiwa. Aliwafundisha vijana wengi kufa, na kwanza akawafundisha kuwapenda wageni. Mwenye duka la magodoro hakurudi tena chini kwa moyo mmoja. Alilala mezani pale hadi mgongo wake ulipokataa. Mama mkwe alihudhuria mara nyingi, na kwa taarifa yenu, alipatia kwa bahati tu. Kila mara alimtaja kinyozi. Sababu yake haikubadilika: kola.

Jumapili nazo hazikukoma. Zilibadilika tu, kwa kuwa sasa walizungumza wenyewe, na wakati mwingine waligombana wenyewe, juu ya chumvi, juu ya urefu wa sare, juu ya namna ya kukunja shuka. Binti anasema alipumzishwa kazi ya usimu, akaikumbuka kidogo.

Ugonjwa wa moyo ulipompata Mama Fumbo, mama mkwe, ambaye sasa ni mzee sana, alihamia kwake tena. Hakuweza kumgeuza wala kumwinua. Aliketi kando ya kitanda, akaishika mikono yake, akawasimamia wengine kwa ukali. Alikuwapo hadi asubuhi ile ya mwisho.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa mkono wa pole kwa binti yake, kwa mama mkwe wake, na kwa wenzake wote wa ukumbi wa juu ya duka la magodoro: karani, msusi, kinyozi, na mwenye duka. Mwenyezi Mungu awape subira, na amweke Mama Fumbo mahali pema.

Nanyi mnaonisikiliza nawaomba jambo moja. Msiba hutufungua midomo. Yapo maneno tuliyoyasema uani, mbele ya watu, mtu akiwa ameketi chini, na aliyeambiwa bado anayabeba. Tafakarini, kila mtu nyumbani kwake, kama yupo anayesubiri neno moja kutoka kwenu. Msimngojeshe. Wengine hawana jukwaa la kulisikilia.

Neno la mwisho si langu. Juzi nilikwenda kumpa pole mama mkwe. Nilimkuta chumbani, kando ya cherehani lake, kiti cha pili kikiwa kitupu. Nilimwomba aniambie lolote kuhusu mkwe wake, nije niwafikishie. Alikipangusa kile kiti kwa kiganja. Kisha akaniambia:

"Mwanangu nilimzika nikiwa na hasira, na hasira ilinizuia kumlilia. Huyu sikuwa na hasira naye. Nilipoanza kumlilia yeye, mwanangu naye akaja. Nimewalilia wote wawili wiki hii, mwanangu na mke wake, na nimewalilia vizuri."